Cherehani ya Butterfly: kichwa nakisifu, meza ikague mwenyewe

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Kichwa, yaani mashine yenyewe, na meza yake, vyote vipya, nilivipata Kariakoo kwa laki mbili na themanini. Tulianzia laki tatu na nusu, tukabembelezana na muuzaji mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa barabara. Hapa Morogoro walitaka zaidi, na hata ukijumlisha nauli ya kuiweka kwenye buti la basi bado nilitoka na chenji. Kwa hela hiyo sijajuta. Ila nikisema sijajuta nazungumzia kichwa. Meza nitaifikia, na nikifika mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa magauni na sare za shule. Kibanda changu kiko Kihonda. Cherehani naitoa barazani asubuhi, naiingiza jioni, kwa hiyo inakula vumbi, inasukumwasukumwa, na watoto wa jirani nikigeuka tu wanazungusha gurudumu. Haya ni maoni ya mtu wa namna hiyo. Anayeshona foronya mbili kwa mwezi ndani ya nyumba yenye zulia atakuwa na yake ya kusema.

Chombo chenyewe mnakijua. Ni ile nyeusi yenye nakshi za dhahabu na picha ya kipepeo, ambayo ukipita barabara yoyote yenye mafundi huikosi. Yangu ina kibati kilichoandikwa JA2-1. Asili yake ni Shanghai, kwenye kiwanda kilichoanza mwaka 1919 kama biashara ndogo ya cherehani, na jina la kipepeo likaja kushika miaka ya 1960. Enzi zile kijana wa Kichina aliyetaka kuoa kwa heshima alihangaikia vitu vinne: baiskeli, saa ya mkononi, cherehani na redio. Nasi huku bidhaa za Kichina si wageni wa jana. Reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa za China madukani kwetu.

Umbo lake lakini halikubuniwa Shanghai. Ndani ni Singer ya zamani, ile Wamarekani waliyoiita namba 15. Wajapani waliinakili baada ya Vita Kuu ya Pili, Wachina nao hawakubaki nyuma. Wengine husema hilo kwa kuidharau, eti Butterfly ni Singer ya kuiga. Mimi nasema hapo ndipo ilipo nafuu ya fundi. Bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ile ile, sindano yake ni ile ile yenye ubapa, skrubu zake anazo kila mtu. Mkesha wa Idi mwaka jana kikopo cha bobini kilinidondoka, kikagongwa na mguu wa kiti, kikapinda mdomo. Ndani nina magauni ya watu, wengine wameshalipa yote, na jua linazama. Nilimtuma kijana wa bodaboda kwenye duka la vifungo na zipu, wala si duka la cherehani, akarudi na kikopo kipya kabla sijamaliza kuunga zipu kwa mkono. Jirani yangu ana mashine ya umeme ya mitumba kutoka Ulaya, nzuri kweli, ina mishono ya maua na ya vishikizo. Gia yake ya plastiki ilivunjika, na mashine ikageuka meza ya kuwekea pasi.

Sasa kazi. Kwenye kitenge haina mpinzani kwa bei yake. Kitambaa kinavutwa sawasawa, mshono haukunji, unaweza kushona gauni zima ukiwa unaongea na mteja mwingine. Tetroni za sare vilevile. Khanga za kukata doti na kupiga pindo ndiyo kabisa, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kupewa.

Jinzi inahitaji akili. Suruali ya kupunguza urefu inapita bila shida mpaka ufike pale mshono wa pembeni unapokutana na pindo, ambapo vitambaa vinarundikana. Ukikanyaga kwa nguvu pale, sindano inavunjika na kipande kinaweza kukurukia usoni. Mimi hufunga sindano namba 16, au 18 ikiwa jinzi ni ile nzito ya kazi. Nikifika kwenye kirundo naacha kukanyaga, nazungusha gurudumu la mkono taratibu, tundu moja baada ya jingine, kisha naendelea. Uzi wa kawaida unatosha. Ule mnene wa rangi ya chungwa, wanaotaka jinzi ionekane kama ya dukani, unasumbua, kwa hiyo nauweka juu tu na chini naacha wa kawaida.

Kinachonitoa jasho ni shifoni. Siku hizi kila bibi harusi na kamati yake wanataka mikono ya butterfly, ile mipana inayoning'inia kuanzia begani na kupepea mtu akinyanyua mkono. Kitambaa chenyewe chepesi, kinateleza, na ukingo wote unatakiwa upigwe pindo jembamba kama uzi. Butterfly ikikutana na mikono ya butterfly, mwanzo wa mshono kitambaa kinamezwa kwenye tundu la sindano pamoja na uzi wake, ukikivuta kimetoboka. Dawa ni sindano namba 9 au 11, mpya kabisa, na ukanda wa karatasi laini chini ya kitambaa. Unashona pamoja na karatasi halafu unaichana. Natumia karatasi za kufungia viatu vipya, nimewaomba wenye maduka ya viatu wasizitupe. Mkono mmoja unaweza kunichukua muda wa blauzi nzima, na bei yangu inasema hivyo hivyo. Wateja wanaguna, nawaonyesha pindo, wanalipa.

Vitambaa vya kuvutika, vile vya fulana na tisheti za michezo, usijidanganye. Hii mashine inashona mstari ulionyooka, mbele na nyuma, basi. Haina zigizaga. Ukishona fulana kwa mshono ulionyooka, mteja akiingiza kichwa utasikia uzi unakatika mwenyewe. Kazi hizo nazipeleka kwa kijana mwenye ovaloki, mashine ya kushona na kufunga kingo, mtaa wa pili, namlipa kwa kila nguo, na hata kingo za sare nampelekea yeye. Kwa hiyo ukipanga bajeti ya kuanza ufundi usihesabu Butterfly peke yake. Mhesabu na mwenye ovaloki.

Kuhusu kasi, mashine za viwandani kama Juki DDL-8700 zinafika mishono 5,500 kwa dakika. Hii ya kukanyaga inategemea ulikula nini asubuhi. Januari, sare zikirundikana, miguu yangu inajua. Lakini nakumbuka pia ule mgao wa umeme uliotutesa kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024. Wenye mashine za umeme walikaa barazani wanapiga soga, na wateja wao walikuja kwangu na vitambaa mikononi, wengine wakiwa na haya kidogo kwa sababu waliwahi kuniambia mashine yangu ya kizamani. Nilizipokea nguo zote. Bei sikupunguza.

Mafuta. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo Butterfly nyingi zinapofia. Juu ya kichwa kuna matundu madogo, na ukikilaza kichwa nyuma kwenye bawaba zake utaona sehemu za chini zinazosuguana. Kila moja inataka tone la mafuta meupe ya cherehani. Binti ninayemfundisha alimaliza kichupa, akaona aibu kuniambia, akaenda jikoni akaja na mafuta ya alizeti. Kwa siku chache mashine ilikwenda laini kuliko kawaida, nikamsifu. Halafu ikaanza kuwa nzito, nzito, mpaka asubuhi moja gurudumu likagoma kabisa. Nikaibeba kwenye bajaji hadi Mji Mpya, kwa mzee mmoja ambaye anatengeneza cherehani chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa kafanya nini?"

"Kagoma. Jana alikuwa mzima."

Akafungua bati la ubavuni, akapitisha kidole ndani, akakinusa. "Hii haijaharibika, imekaangwa. Mmeipa mafuta ya kula."

Mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma yanageuka gundi ya rangi ya kahawia, inanata hata ukucha hauitoi vizuri. Mzee alimwagia mafuta ya taa kila tundu, akazungusha, akafuta, akamwagia tena, mpaka yakatoka meusi na baadaye meupe. Ndipo akatia mafuta ya cherehani. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuna kilichobadilishwa. Chuma kilikuwa kizima, kilikuwa kimebanwa tu. Akanionya nikifika nyumbani nishone kitambaa chakavu kwanza mpaka mafuta yaliyozidi yaishe, nisije nikaanza na kanzu nyeupe ya mtu. Ushauri huo peke yake ulilipa nauli ya bajaji.

Malalamiko mengine ninayoyasikia kwa wenye Butterfly, mengi si ya mashine. "Inaruka mishono": badilisha sindano, na hakikisha ubapa wake umekaa upande unaotakiwa. "Inafanya mafundo chini ya kitambaa": watu hukimbilia kulegeza skrubu ya kikopo cha bobini, wakati mara nyingi uzi wa juu ndio uliolegea au haukupita katikati ya zile sahani mbili za kukazia. Toa uzi wote, nyanyua kiguu kinachobana kitambaa, pitisha upya, kisha jaribu. Skrubu ya bobini iache, ni ndogo sana na ikidondoka kwenye mchanga ndiyo imekwenda.

Kelele inayo. Ni ya chuma kwa chuma, tiki-tiki ya haraka, na kama mtoto amelala chumba cha pili atakuwa ameizoea au ataamka. Yangu nikisikia mlio umebadilika najua kuna nyuzi zimejaa chini ya meno ya kuvutia kitambaa, nafungua kibati na kutoa manyoya kwa mswaki wa zamani.

Ukienda kununua, nenda na vitu vyako kwenye mkoba: kipande cha khanga, kipande cha jinzi, uzi mweupe na uzi mwekundu. Uzi wa rangi mbili, mmoja juu mmoja chini, unakuonyesha mara moja kama mshono umekaa sawa. Wauzaji hawapendi.

"Dada, hii orijino, haina haja ya kujaribu."

"Sawa kaka, kama orijino itashona."

"Ushone hapa? Kwenye foleni hii?"

"Foleni ni ya nani? Niko mimi na wewe."

Akaita ndani, "Bosi, kuna mama huku anataka kushona!" Bosi akatoka, akanitazama viatu na mkoba, akasema nipewe kiti. Nikashona. Ya kwanza uzi mwekundu ulichungulia juu kila mahali na walipoukaza haikusaidia. Ya pili ilikuwa safi. Nikaishika fimbo ya sindano kwa vidole viwili nikaitikisa kushoto na kulia, haikucheza. Nikazungusha gurudumu la mkono polepole nikisikiliza kama kuna mahali linakwama, halikukwama. Nikaichukua ile ya pili. Vichwa viwili, boksi la aina moja, duka moja, hazikulingana. Kwa hiyo anayekuambia Butterfly ni Butterfly, agiza tu kwa simu utaletewa, huyo hela si yake.

Feki nazo zipo. Nimeona kichwa kina kipepeo kizuri kabisa na jina limekosewa herufi, na kingine nakshi zake za dhahabu zilitoka kwa kidole nilipozisugua. Kitu kingine ninachokiangalia ni uzito. Kichwa cha kweli ni chuma, ukikinyanyua kwa mkono mmoja unajua umenyanyua kitu. Kikikujia kirahisi, kirudishe kwa utaratibu na uage.

Mota nimeulizwa sana. Mafundi wengi wanafunga mota ndogo na kutoa kabisa mkanda wa miguu. Inawezekana, inaongeza kasi, na kwa mwenye magoti mabovu ni msaada mkubwa. Mimi sijafunga. Kwa anayejifunza nashauri akanyage kwanza, kwa sababu mguu unamfundisha kupunguza mwendo kwenye kona ya kola, na mota ya bei rahisi haijui polepole, inajua kusimama na kukimbia.

Haya, meza. Kichwa na meza ni vitu viwili, hata kama mmeuziwa pamoja. Kichwa changu kilikuja na boksi lake. Meza ilitolewa stoo ikiwa vipande, mbao za kubandika za unga wa mbao zilizovikwa karatasi inayofanana na mti, na miguu ya bati lililokunjwa. Nilipoulizia miguu ile ya zamani ya chuma cha kusubu, yenye maua, walicheka. Duka silitaji, ila walionifungia meza ile walijua wanachokifanya. Mvua ya kwanza ya masika, mrushi ulioingia barazani ukalowesha kona moja. Kesho yake kona imevimba, karatasi imeinuka. Bawaba za kichwa zinashikwa na skrubu zilizoingia kwenye huo huo unga, kwa hiyo nikikanyaga kwa kasi kichwa chote kinatingishika na mstari wa mshono unacheza. Mteja haoni meza, anaona mshono uliopinda, na lawama ni yangu.

Kama hilo halitoshi, gurudumu kubwa la chini na lile dogo la juu hayakuwa kwenye mstari mmoja. Mkanda wa ngozi ukawa unapanda ukingoni na kuchomoka kila nikianza kuchangamka. Mkanda wenyewe ni kitu rahisi, ngozi ya mviringo iliyounganishwa kwa kipini cha waya. Ukilegea unaukata kidogo, unatoboa tundu, unaunganisha upya. Lakini huwezi kurekebisha kwa mkanda kosa la meza iliyopinda. Nilirudi dukani na picha kwenye simu. Wakaniambia waranti ni ya kichwa, meza haina waranti, na kwamba huenda nimeiweka sehemu isiyo sawa. Kariakoo mzima nilitembea na jibu hilo kooni.

Suluhisho nililipata kwa seremala wa hapa hapa Kihonda. Alichukua vipimo vya tundu la kichwa kutoka meza mbovu, akachonga ubao mpya wa mkaratusi, mzito, akaupaka vanishi pande zote pamoja na chini, ambapo wengi husahau. Miguu ya bati akaiunganisha kwa fundi wa kuchomelea na vyuma viwili vya kukingama, na gurudumu la chini likasogezwa mpaka mkanda ukanyooka. Vyote vilinigharimu elfu arobaini na tano na soda ya fundi wa kuchomelea. Tangu hapo kichwa hakitingishiki, na mkanda unachomoka pale tu unapostahili, ukiwa umelegea.

Kwa hiyo ukiwa na seremala unayemwamini, uliza bei ya kichwa peke yake. Wanauza, ingawa hawatakuambia mpaka uulize. Na miguu ya chuma cha kusubu ya Singer mbovu, ile iliyotupwa uani kwa mtu na kuku wanalala juu yake, ukiipata inunue hata kama bado hujanunua kichwa.